Nyuzi za Mbele Hazili

Kuna watu wanaoitwa Dada mpaka jina lao lenyewe linalala usingizi wa pono, na huyu alikuwa mmoja wao. Wadogo zake wawili walimwita Dada, majirani wakadakia, na alipoajiriwa kwenye maabara ya utafiti wa mbao, mlinzi wa getini alimsikia akijibu simu, "Ndiyo, Dada hapa," basi, habari ikaishia hapo. Daktari, mkuu wa maabara, mwanamke aliyemzidi Dada vyeti huku Dada akimzidi umri, alimwita Dada. Mlangoni pa chumba chake cha kazi mtu alibandika karatasi: DADA YUMO, GONGA KWANZA. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia hilo halimkeri. Usimwamini.

Kazi yake ilikuwa kuozesha mbao. Haki ya nani, kuozesha! Wenzake duniani wanahangaika kupaka dawa na lami ili boriti zidumu, yeye analipwa mshahara aziozeshe. Mwenye nyumba aliyempangisha chumba alipopata habari hizo aliguna tu, lakini kesho yake alionekana juu ya ngazi, akigonga kenchi za paa lake moja moja kwa nyundo.

Chumba cha kazi hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na joto la jikoni mchana kutwa, na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Kwenye rafu ilipangwa mitungi ya kioo. Ndani ya kila mtungi kulikuwa na udongo kidogo, juu ya udongo utando wa kuvu, na juu ya kuvu kibao chembamba kama rula ya mwanafunzi, kimesimama wima. Kuvu hupanda kibao hicho polepole kutoka chini kwenda juu, na Dada kazi yake kuitazama ikipanda, kuweka alama ya kalamu ilipofikia, na siku ikitimia kukitoa kibao, kukikatakata vipande vidogo kuanzia juu kwenda chini na kuvigandisha hapo hapo. Kutwa nzima hakuna wa kumwambia hata neno. Alikuwa na mazoea ya kuisemesha mitungi: "Wewe umelala? Mwenzio kafika nusu!" Mitungi haikumjibu, ila na yeye hakuwa akitegemea jibu.

Sasa ngoja tuelewane kuhusu hiyo kuvu, maana anayeirukia atamwona Dada mpumbavu, na mpumbavu hakuwa. Ubao una vitu viwili vikubwa. Kimoja ni selulosi, nyuzi za sukari iliyofungamana, na hiyo ndiyo chakula. Kingine ni lignini, gundi ngumu iliyoizingira selulosi kila upande, na ukiila haikunenepeshi. Ziko kuvu zinazouacha ubao mweupe na laini. Hizo zina jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuikatakata gundi yenyewe. Kuvu ya Dada ilikuwa ya kabila jingine, ile inayouacha ubao wa kahawia unaovunjika vipande vipande kama mkate mkavu. Mababu zake walikuwa nazo jeni za kukata gundi, wakazipoteza zamani za kale. Badala yake kuvu hii inachukua chembe za chuma, inazikutanisha na maji yale yanayotoa povu ukimwagia kidonda, na hapo hutokea ukali unaopasua chochote kilicho jirani. Gundi inalegea, selulosi inabaki uchi.

Tatizo ni kwamba ukali huo haubagui. Vimeng'enya vya kuikata selulosi vikiwa karibu, navyo vinateketea. Kwa hiyo kuvu imegawana kazi. Nyuzi za mbele kabisa, zile za juu kwenye kibao, zinawasha jeni za kubomoa na kuzima za kula. Nyuzi zilizo nyuma yake zinazima za kubomoa na kuwasha za kula. Ni kuvu moja na jeni zile zile, ila walio mbele wanavunja na hawali, na walio nyuma wanakula pale palipokwisha vunjwa.

Siku Daktari alipomweleza hayo kwa mara ya kwanza, Dada alicheka hadi akashika meza. "Daktari," alisema, "hiyo kuvu ni kifungua mimba!"

Alijua anachosema. Mama yao alikufa Dada ndiyo kwanza amemaliza sekondari, na baba hakukaa sana nyuma ya mkewe. Nafasi ya chuo cha ualimu ilikuwa imeshatoka. Dada akaipiga teke. Nyuma yake alikuwapo Wa Pili, mvulana mwenye kichwa chepesi cha hesabu, na Kitinda, msichana mdogo aliyekuwa bado analia akizimiwa taa. Dada akafua nguo za watu, akafagia ofisi za watu, na kufagia ndiko kulikomwingiza maabara, mpaka mkataji wa vibao alipohama wakamwona ana mkono mtulivu wakamkabidhi kisu. Wa Pili akawa mhandisi wa barabara. Kitinda akawa mfamasia, mji mwingine, kazi ya kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Kulea si kazi ya mchezo, na yeye aliifanya hajazaa hata mmoja.

Ungedhani hapo angepumua. Thubutu! Wa Pili akaoa, Dada akaenda kupika harusini wiki nzima. Mke wa Wa Pili akajifungua, Dada akachukua likizo yake yote akaenda kuosha mtoto. Kitinda akahama nyumba, Dada akaenda kufunga vyombo. Mtoto wa pili, vile vile. Simu ilikuja na maneno yale yale: "Dada, si unajua tena, hakuna mwingine." Naye hujibu, "Nakuja." Akimaliza wanamsindikiza kituoni, wanamkumbatia, na basi likishaondoka simu inanyamaza mpaka haja nyingine. Anarudi chumbani kwake kwenye sufuria kubwa za kupikia watu wengi, zimepinduliwa juu ya kabati, na yeye anachemshia chai kwenye kikombe cha bati. Jioni alikuwa akiacha redio iseme hata kama hasikilizi. Alikuwa mpweke, na neno hilo alilijua kwa jina lake, hakulizungukia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akibisha mlango wake bila shida ya kutatuliwa. Fundi Randa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mkono wake kwenye randa: hakuna seremala mwingine mjini aliyeweza kuuchonga ubao ukawa mwembamba kiasi kile pasipo kuchanika, na maabara ilikuwa ikimwagiza yeye vile vibao. Alikuwa mgane, amefiwa na mke zamani, mwanamume wa maneno machache na suruali yenye vumbi la mbao magotini. Alileta vibao vimefungwa kwenye gazeti, akikaa dakika mbili, kisha tano, kisha ikawa anakunywa chai. Akaja akasema siku moja, akiwa ameangalia mitungi wala si yeye: "Bibie, mimi napika peke yangu na wewe unapika peke yako, na chumvi tunanunua duka moja. Si upotevu huu?"

Dada alielewa vizuri sana. Moyo wake uliruka. Akamwambia, "Ngoja kwanza Kitinda amalize chuo." Fundi akangoja. Kitinda akamaliza. "Ngoja kwanza mtoto wa Wa Pili aachishwe ziwa." Akangoja. "Ngoja kwanza huyu wa pili naye asimame dede." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi sitaki kumhukumu, lakini hata wewe unaona.

Basi ikafika siku Fundi Randa alipokuja na vibao, akakataa kukaa.

"Kaka yangu ameniachia karakana kule kwao," alisema. "Kubwa, ina msumeno wa umeme. Nahama. Lori linakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Dada alikuwa ameshika kifuniko cha mtungi. Akakiweka chini taratibu. "Mwezi huu?"

"Mwezi huu. Na mbele ya lori kuna nafasi yako. Tutapita kwa msajili, watu wawili na mashahidi wawili, tumemaliza. Kwa Daktari wako omba uhamisho, omba likizo, omba unachotaka. Mimi nimekuja kukuuliza mara ya mwisho."

"Mke wa Wa Pili anajifungua mwezi huu," Dada alisema. "Wa tatu."

"Wamekuita?"

"Bado. Lakini wataniita."

"Wakikuita utasema nini?"

Dada akakiokota tena kile kifuniko, akaufunika mtungi. Fundi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa uchovu. "Subira huvuta heri, nimeambiwa tangu mtoto. Lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, bibie, na langu limeshaumia. Wakikuita uwaambie hapana, uje karakanani kwangu hapa. Ukishindwa, usije kuniaga. Sitaki kuagwa." Akatoka. Vibao vyake viliachwa mezani ndani ya gazeti, vimefungwa vizuri kama siku zote.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na kibao kilichotimia, na kuvu haijui kama una huzuni. Jeni ikiwashwa hutoa nakala, na nakala ndiyo inayopelekwa kutengenezea kimeng'enya. Lakini nakala hizo hazidumu, ukichelewa kidogo zimeshakatika na hutajua jeni gani ilikuwa imewaka. Kwa hiyo mtu anakata upesi, anatumbukiza kipande kwenye naitrojeni, hewa iliyogeuzwa maji yenye baridi ya kuunguza, kisha anakipanga kwenye trei ya vishimo. Kipande cha mbele kabisa kinakwenda kishimo cha kwanza, kushoto. Dada amelifanya hilo mara zisizo na idadi. Siku hiyo macho yalikuwa yamejaa maji na baridi ilikuwa inatoa moshi, akaanzia kulia. Vipande vikishaganda vyote ni vyeupe kwa barafu, hakuna ajuaye kipi ni kipi. Akaifunika trei nzima, akaiweka kwenye jokofu, akaketi.

Wiki ya pili Daktari akamwita ofisini. Kwenye skrini palikuwa na mistari miwili, mmoja unapanda na mwingine unashuka.

"Dada, hebu njoo uone maajabu," Daktari alisema. "Kwa mujibu wa mashine yetu, nyuzi za mbele zinakula na nyuzi za nyuma zinabomoa. Tuandike? Tutakuwa maarufu dunia nzima kwa wiki moja, halafu tutakuwa kichekesho maisha yetu yote."

Dada aliangalia ile mistari na jasho likamtoka. "Nimegeuza trei," alisema. "Nimeanzia kulia. Nisamehe, Daktari. Wa mbele hawali. Hawawezi kula. Mimi najua, nimekuwa wa mbele maisha yangu yote." Na hapo, mbele ya mkuu wake wa kazi, akaanza kulia, kilio kile cha mtu mzima kisicho na sauti, mabega tu yanakwenda.

Daktari akainuka akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kubembeleza; alimpa kitambaa cha kufutia lenzi za darubini, ndicho kilichokuwa karibu. Trei iliyogeuzwa si msiba, alisema, tutasoma kutoka kulia. Akaigeuza picha kwenye skrini, mistari ikakaa inavyotakiwa kukaa. Kisha, kwa kuwa hakujua jingine la kusema, akasema analolijua.

"Kwani wewe unafikiri wa mbele anabaki wa mbele?" alimuuliza. "Tazama hapa. Kipande hiki cha tatu, kinachokula sasa. Siku chache zilizopita ndicho kilikuwa ncha. Kilikuwa kinabomoa, hakigusi chakula. Halafu kikabaki pale pale kilipo, ncha mpya ikaota ikapita mbele. Na chenyewe kikazima jeni za kubomoa, kikawasha za kula. Hakuhamishwa mtu, hakuna kilichopewa jeni mpya. Zilikuwamo tangu mwanzo, zimezimwa tu."

Dada akafuta pua. "Na kama ncha haikubaki? Kama kila siku inakwenda tu mbele?"

"Basi kila siku ni ncha." Daktari akainua mabega. "Lakini nayo haifi njaa, usiihurumie mno. Wa nyuma wanapitisha chakula ndani ya uzi mpaka kinaifikia. Ncha inalishwa na wenzake."

"Mimi silishwi," Dada alisema.

Daktari akavua miwani. "Unaongelea kuvu au unaongelea nini?"

Basi Dada akamweleza. Fundi, lori, Jumamosi, mke wa Wa Pili na tumbo lake. Aliyatoa yote, hata la chumvi ya duka moja. Daktari alimsikiliza, akamwambia kuhusu kazi asijali, huko anakokwenda Fundi kuna kituo kidogo cha misitu na barua ya kumtambulisha ataandika yeye mwenyewe. "Lakini hapana ya kuwaambia ndugu zako, hiyo siwezi kukuandikia," alisema.

Mtu si kuvu. Hilo Dada alilijua vizuri, na njiani kwenda nyumbani alijicheka kwa kujifananisha na kitu kinachoishi kwenye mtungi. Kuvu haina mama aliyeiambia hospitalini, "Wadogo zako wamo mikononi mwako." Ila neno moja lilimganda: zilikuwamo tangu mwanzo, zimezimwa tu. Akajiuliza kama na yeye anayo bado hayo ya kukaa na mtu mezani, akapakuliwa badala ya kupakua, au yamekwisha kuoza kwa kutotumika. Aliogopa. Usiku na mchana alijizoeza kulisema neno la kukataa, mbele ya kioo, mbele ya mitungi. Hapana, mdogo wangu. Safari hii hapana. Mitungi ilimsikiliza kwa adabu.

Simu ya Wa Pili ililia Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara na kontena lake la wali. Akaona jina, akapiga moyo konde.

"Dada, shikamoo! Wifi yako yuko hoi, daktari kasema ni wiki ijayo au hata kabla. Tulikuwa tunasema utakuja lini? Si unajua tena, hakuna mwingine."

"Marahaba," Dada alisema. "Wa Pili, nisikilize. Safari hii siji."

Alisikia watoto wakigombania kitu nyuma yake, na Wa Pili akiwanyamazisha. Kwa muda ule mfupi Dada aliona kila kitu alichokiogopa: mdogo wake analia, ukoo unavunjika, mama anageuka kaburini.

"Huji?" Wa Pili alisema. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nina mambo yangu. Nimesema hapana."

"Ahaa." Pumzi moja. "Haya, sawa Dada. Hamna neno. Basi ngoja nimpigie mama mkwe, atafurahi huyo! Alikuwa anataka kuja tangu yule wa kwanza. Sisi ndio tukawa tunamzuia."

"Mnamzuia kwa nini?"

"Ni kwa ajili yako." Wa Pili aliongea kwa upole, kama mtu anayefungua zawadi. "Na Kitinda naye tulikubaliana hivyo hivyo, ile siku ya kuhama alikuwa ameshapata vijana wa kubeba. Tulisema, Dada yuko peke yake kule, hana mume, hana mtoto. Tusipomwita atajisikia vibaya, ataona tumemtupa. Tulidhani unapenda, Dada."

Dada alisema kitu, hata yeye hakumbuki nini. Alimwombea wifi yake ajifungue salama, hilo alihakikisha. Wa Pili akasema asante, akakata simu. Mazungumzo yote hayakufika muda wa kuchemsha yai.

Alibaki kwenye zile ngazi na wali umepoa. Kuumia alikokutegemea ni kule kwa kukataliwa, kwa kulaumiwa. Alikuwa amejikinga upande huo. Pigo lilikuja upande mwingine. Walimhurumia! Miaka yote alipokuwa anapanda basi na mgongo unauma, anafua nepi, anajiambia wasingeweza bila yeye, kumbe wao walikuwa wanajibana chumba, wanamwekea mama mkwe vizuizi, ili yeye asijione mpweke. Kila upande ulikuwa unajitesa kwa ajili ya mwenzie, na hakuna aliyeuliza. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Halafu nyuma ya aibu akakumbuka kwamba ameshasema hapana, na leo ni Alhamisi, na lori ni Jumamosi. Akainuka mbio.

Karakana ya Fundi Randa ilikuwa nusu tupu. Meza ilikuwa imefunguliwa miguu, misumeno imefungwa kwenye magunia. Yeye alikuwa amechuchumaa anapanga patasi kwenye sanduku. Alipomwona mlangoni aliinuka kwa kushika kiuno, na uso wake ukafunguka jinsi Dada hajapata kuuona.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia. Nimesema hapana."

"Ee!" Fundi alicheka kwa furaha, akapangusa kiti kwa kofia yake. "Kaa, kaa hapa. Wamesemaje? Wamekutukana?"

Angeweza kudanganya. Angesema walilia, walimsema, na yeye akasimama imara kama nguzo. Lakini Dada alikuwa na jambo linalomchoma kifuani na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia, na alidhani huyu ndiye wa kumwambia. Kwani mwenzi ni wa nini?

"Wamesema sawa," alisema.

"Sawa tu?"

"Sawa tu." Na akamweleza: mama mkwe aliyetaka kuja, vijana wa kubeba vyombo, huruma yao. Aliongea huku analia na kucheka, na hakuona mpaka mwisho kwamba Fundi ameacha kucheka zamani.

"Tangu yule mtoto wa kwanza," Fundi alisema.

"Tangu yule wa kwanza."

"Yule anayekwenda shule sasa."

"Huyo huyo."

Fundi akaokota patasi, akaitazama makali, akairudisha mahali pake sandukuni. "Hukuwahi kuwauliza."

"Sikuwahi."

"Hata mara moja? Hata kwa utani, kwamba jamani, nisipokuja itakuwaje?"

"Niliogopa," Dada alisema. "Lakini nimesema leo. Na nimesema kabla sijajua watajibu nini. Hilo ulione."

"Naliona." Akakaa juu ya sanduku, mikono kati ya magoti. Aliongea taratibu, na hakuna mahali alipopandisha sauti. "Bibie, mimi nilidhani nashindana na mlima. Nikajiambia, mwanamke huyu kafungwa minyororo, asingekuwa yeye watoto wale wangekufa, muache, mngojee. Nikakusubiri nikiwa nakuheshimu. Kumbe hapakuwa hata na kichuguu. Palikuwa na neno moja ambalo hukutaka kulisema kwa ajili yangu."

"Nimelisema!"

"Umelisema nilipoleta lori." Akatikisa kichwa. "Na miaka ile yote niliyokuwa naleta vibao kwenye gazeti, nakunywa chai, naondoka? Nimezeeka nikikungoja. Mke wangu alipokufa nilikuwa na nywele nyeusi."

Dada akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, yeye ambaye hakuwahi kumpigia mtu goti. "Nichukue hivyo hivyo," alisema. "Nakuomba. Sina kitu kingine. Nilikuwa sijui."

Fundi alimshika viwiko akamwinua, kwa upole ule ule aliokuwa akishikia vibao vyake vyembamba, na hapo Dada akaelewa kwamba yamekwisha, maana mtu mwenye hasira angemwacha chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, amefika mwisho wake.

"Kila nikikutazama nitaihesabu hiyo miaka," alisema. "Nitakuwa mume mbaya. Najijua. Nitakukumbusha kila chumvi ikizidi. Jumamosi nitaondoka peke yangu."

"Ninaweza kungoja," Dada alisema. "Ukifika huko, ukapoa, mimi naweza kungoja."

"Usingoje," alisema Fundi. "Tafadhali. Umeshangoja wewe, nimeshangoja mimi, imetosha."

Akachuchumaa tena kwenye patasi zake. Dada alisimama kidogo akitumaini atasema jingine, kisha akatoka nje. Jua lilikuwa la mchana bado, mtaa umejaa watu wanaokwenda makwao na wanaotoka makwao, kila mmoja na anayemngoja mahali. Akataka kugeuka kushoto kwenda kazini, akakumbuka kibao cha leo alishakikata asubuhi. Akataka kugeuka kulia kwenda nyumbani, akaona hana cha kuwahi. Hakuna aliyekuwa akimhitaji jioni ile, si wadogo zake, si huyu, na tangu mama yao azikwe hajawahi kuwa na jioni ya namna hiyo. Akabaki pale pale kando ya barabara, mkoba begani, mpaka mshona viatu wa jirani alipoinua kichwa akamuuliza kama kuna mtu anamsubiri.

"Hapana," Dada alisema. "Napumzika tu."

Mshona viatu akamsogezea kigoda. Akakaa.